Kutumia Fonti za Mwandiko wa Brashi kwa Maneno ya Kiswahili: Kadi, Fulana, Keki na Mitumbwi

Fonti za mwandiko wa brashi ni zile ambazo herufi zake zilichorwa kwanza kwa mkono, kwa brashi na wino au rangi, kisha zikaskaniwa na kugeuzwa kuwa faili la kompyuta. Jijini Mwanza zimeenea kila mahali: kwenye kadi za michango ya harusi, kwenye fulana za vikundi vya akina mama, kwenye stika za vioo vya daladala, kwenye vibao vya saluni za Igoma na Buzuruga, na kwenye keki za kipaimara. Zinapendwa kwa sababu mkono wa mtu bado unaonekana ndani yake, hata pale kazi yote inapofanywa na mashine. Hata hivyo, nyingi kati yake zilichorwa na watu wasioandika Kiswahili, ambao walipozijaribu waliandika maneno ya lugha zao. Ndiyo maana fonti inayong'aa kwenye picha ya muuzaji huweza kuvurugika mara tu inapopewa jina la Kisukuma au kichwa cha habari cha jumuiya ya kanisa. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwenye maneno yenyewe, kabla ya kufika kwenye karatasi, kitambaa na mbao.

Jaribu kwa maneno yako

Picha ya kuuzia fonti huandikwa neno lililochaguliwa kwa makusudi ili herufi bora zaidi zionekane, kwa hiyo haimsaidii sana mtu anayetaka kuandika jina la bwana harusi kutoka Kwimba. Tovuti nyingi za fonti zina kisanduku cha majaribio. Kabla ya kupakua au kulipia chochote, andika humo maneno haya matano: Mwanza, Kwimba, Nyang'hwale, Jijini, Maadhimisho. Kila moja linafichua udhaifu wa namna yake.

Mawili ya kwanza yanaipima herufi w. Katika mwandiko wa kuunganisha, mchoraji hupanga kila herufi imalizie mstari wake pale ambapo herufi inayofuata itaanzia, na kwa kawaida mahali hapo ni karibu na mstari wa chini. Mfaransa Roger Excoffon alilifanya jambo hilo kwa ustadi mkubwa katika fonti ya Mistral ya mwaka 1953, ambayo herufi zake za madini ya risasi, zilizopangwa moja moja, zilishikana karatasini kana kwamba zimeandikwa kwa mkupuo mmoja. Lakini w humalizikia juu, sawa na o na v, ilhali a, e na i huanzia chini. Fonti iliyochorwa kwa haraka itaacha mwanya kati ya w na a, au itachora mstari ulionyooka unaokata katikati ya a na kuifanya isomeke kama herufi nyingine. Kiswahili hakina njia ya kukwepa kiungo hiki, kwa kuwa wa ni kihusishi, ni kiambishi cha ngeli ya watu, na imo katika mwana, kwanza, bwana na karibu kila sentensi ya mwaliko. Fonti isiyoweza kuandika wa kwa uzuri haifai, hata kama herufi zake kubwa zina mikia ya kupendeza namna gani. Ukiipenda mno sura ya brashi kiasi cha kushindwa kuiacha, tafuta fonti ambayo herufi zake hazishikani kabisa. Zipo fonti nzuri za brashi za aina hiyo, na kwa vibao vidogo mimi huziona kuwa salama zaidi.

Nyang'hwale, jina la wilaya jirani iliyo mkoani Geita, linaipima ritifaa, yaani alama ya ('). Huku kwetu ritifaa si alama ya nadra, kwani majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w ni mengi, na hakuna familia itakayofurahi kuona jina lake limekatwa kwenye kadi. Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni kwamba fonti nyingi za majaribio zinazotolewa bure hazina ritifaa kabisa, hivyo kompyuta huazima ya fonti nyingine na kusimamisha kijiti kilichonyooka katikati ya herufi za brashi. La pili ni kwamba ritifaa huketi kati ya g na herufi inayofuata na kukata kiungo, na mkono wa g hubaki ukining'inia hewani. Tiba ya la pili ni kuisogeza ritifaa juu na nyuma kidogo, iwe juu ya g, kisha kuivuta herufi inayofuata hadi ishikane na g chini yake. Mtu anayeandika kwa kalamu hufanya hivyohivyo bila kufikiri. Hakikisha pia kwamba umbo la ritifaa linafanana na tarakimu 9 ndogo iliyojazwa wino, wala si 6.

Jijini linapima nukta, ambazo katika fonti za brashi wakati mwingine huwa ndefu na kugongana zinapofuatana. Maadhimisho linapima irabu mbili zilizoongozana, na hili linahitaji maelezo zaidi. Mtu anapoandika aa kwa mkono, herufi ya pili haifanani kamwe na ya kwanza. Kompyuta hurudia umbo lilelile, pamoja na mkwaruzo uleule wa brashi mahali palepale, na msomaji hung'amua mara moja kwamba mkono haukuhusika. Wachoraji wa Kiingereza walishaliona tatizo hilo katika tt, ll na oo, wakachora herufi maalumu za kuunganisha jozi hizo. Ni wachache walioifikiria aa ya taarifa, ee ya wazee au uu ya mkuu. Aidha, herufi a ndiyo inayotumika zaidi katika Kiswahili: katika maneno "Karamu ya harusi ya Masanja" zipo herufi 23, na 8 kati yake ni a. Kwa hiyo itazame a kuliko herufi nyingine yoyote. Ikiwa tumbo lake halijafungwa vizuri na inasomeka kama u au ci, maandishi yako yote yatasomeka vibaya.

Herufi mbadala zilizofichika

Fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu huja na maumbo mawili au matatu ya herufi ileile, pamoja na mikia ya mwanzo na ya mwisho wa neno. Maumbo hayo yamo ndani ya faili la aina ya OpenType, mfumo uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, lakini hayaonekani kwenye kibodi. Katika Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta (michoro ya mistari isiyoharibika ikikuzwa), yamo kwenye dirisha la maandishi na fonti, upande wa sifa za fonti, katika toleo la 1.0 la mwaka 2020 na yaliyofuata. Katika Microsoft Word yamo kwenye mipangilio ya kina ya fonti (Advanced). Programu za Adobe zina dirisha linaloonyesha herufi zote, nawe unabofya uitakayo. Programu nyingi za simu haziyafikii kabisa, jambo ambalo ni vyema kulifahamu mapema, kwa sababu kadi nyingi za Mwanza siku hizi hutengenezwa kwenye simu.

Kazi ya herufi mbadala katika Kiswahili ni kuvunja marudio ya a. Chagua umbo la pili la a pale zinapofuatana mbili, na tena mahali pengine pamoja au pawili katika mstari, kisha acha. Mkia mrefu uwe mmoja katika kila neno, na uwe mwishoni au chini ya neno. Kadi yenye mkia kwenye kila herufi kubwa huchosha macho ya msomaji kabla hajajua nani anaoa.

Leseni, kwa ufupi

Faili linaloitwa la majaribio au la matumizi binafsi halikuruhusu kuuza fulana, hata ziwe chache. Kwenye mkusanyo wa Google Fonts, fonti kama Pacifico na Kaushan Script zinatolewa chini ya Leseni Huria ya Fonti ya SIL, inayoruhusu matumizi ya biashara, kurekebisha na kugawa, mradi tu faili la fonti lenyewe lisiuzwe peke yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi inazozilinda. Anayeanza biashara na mtaji mdogo anaweza kuanza na fonti huria na kununua moja ya kulipia pale wateja wanapoongezeka.

Mambo manne ya kutofanya

Usiandike neno zima kwa herufi kubwa za mwandiko, kwa kuwa zilichorwa kusimama moja moja mwanzoni mwa neno, na MWANZA iliyoandikwa hivyo hugeuka kuwa msitu wa mikia. Usiongeze nafasi kati ya herufi, kwa sababu viungo vyote vitakatika; acha kipimo cha nafasi kiwe sifuri na usogeze kwa mkono jozi zinazohitaji tu. Usibofye kitufe cha kunenepesha ikiwa fonti haina unene huo kwa asili, kwani kompyuta itavimbisha mistari myembamba sawa na minene na kuua tofauti ambayo ndiyo sura ya brashi. Usiyavute maneno kwa upande ili yajaze nafasi. Nafasi ikizidi, iache wazi.

Kadi, na kiasi cha maneno

Mwandiko wa brashi hustahimili maneno mawili hadi matano. Majina ya maharusi, neno "Karibu", jina la kikundi, jina la duka: hayo yanatosha. Yote mengine kwenye kadi, yaani ukumbi, tarehe, saa, jina la mwenyekiti wa kamati na namba ya simu, yaandikwe kwa fonti ya kawaida iliyo wima na tulivu. Inafaa kukumbuka kwamba kanga, nguo yenye maandishi yanayosomwa kuliko yote katika Afrika Mashariki, kwa kawaida huandikwa jina lake kwa herufi kubwa zisizo na mapambo, kwa sababu linapaswa kusomwa na mtu anayepita.

Tarakimu zinahitaji ukali wa pekee. Katika fonti nyingi za brashi, 1 na 7 hufanana, na 0 isiyofungwa vizuri huonekana kama 6. Namba ya kupokelea mchango ina tarakimu 10, na moja ikisomwa vibaya fedha za kamati zitafika kwa mtu asiyehusika, ambaye si lazima awe mwepesi wa kuzirudisha.

Kuhusu ukubwa, mwandiko huonekana mdogo kuliko fonti ya kawaida yenye kipimo kilekile, kwa kuwa matumbo ya herufi zake ndogo ni mafupi na nafasi kubwa imechukuliwa na mikia. Majina kwenye kadi ya nusu ya A5 yasishuke chini ya pointi 28 au 30. Chapisha moja kwenye karatasi ya kawaida, uishike kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, na umpe mtu asiyeyajua majina hayo ayasome kwa sauti. Akisita, badilisha fonti au ongeza ukubwa, wala usimfafanulie. Kama maandishi yanakaa juu ya picha au juu ya maua ya kitenge, fifisha sehemu ya nyuma yake. Mistari myembamba ya brashi hupotea haraka ndani ya mchoro wenye rangi nyingi.

Kazi ikikamilika, usiipeleke steshenari ikiwa faili la Word. Kompyuta ya pale haina fonti yako, nayo itaweka nyingine bila kuuliza. Tengeneza PDF yenye fonti ndani yake, au geuza maandishi kuwa umbo, yaani mchoro usiotegemea fonti. Katika Inkscape unayachagua, unabonyeza Shift, Ctrl na C kwa pamoja, kisha unaondoa makundi na kuunganisha vipande vyote kuwa umbo moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Hatua ya kuunganisha ni ya lazima kwa kazi yoyote itakayokatwa. Herufi za mwandiko hupandiana kwenye viungo, na mashine isiyoona umbo moja itakata kila kiungo mara mbili. Hifadhi pia nakala ambayo bado ni maandishi, kwa ajili ya siku mteja atakaposema jina la mama mkwe limekosewa.

Fulana na stika

Kwa kazi ya kukata karatasi ya stika au ya kubandika kwa joto, epuka fonti yenye mikwaruzo ya brashi kavu. Kila chembe ya mkwaruzo ni kipande kitakachokatwa na kung'olewa kwa kibanio, na neno moja laweza kuwa na mamia. Baadhi ya watengenezaji huuza fonti ileile katika sura mbili, ya mkwaruzo na ya kingo laini: ya kwanza ni ya kuchapisha, ya pili ni ya kukata. Kabla ya kukata karatasi ya kubandika kwa joto, geuza maneno yawe kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo, isipokuwa maelekezo ya karatasi yenyewe yaseme vingine. Karatasi nyingi za aina hii hubandikwa kwa nyuzijoto 150 hadi 160 za Selsiasi kwa sekunde 10 hadi 15, lakini kitambaa cha poliesta huhitaji joto la chini, hivyo jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Mapambo ya keki na stensili

Jina la kusimamisha juu ya keki, likikatwa kwa leza kwenye plaiwudi ya milimita 3, linabebwa na viungo vyake peke yake. Mstari wowote usipungue milimita 2 au zaidi kidogo, na ule mwembamba unenepeshwe kwenye mchoro kabla ya kukata. Nukta za i na j hazijashikana na kitu, kwa hiyo zitaanguka. Zishushe hadi ziguse shina, au zifunge kwa mkia wa herufi jirani. Kwa keki ya Kulwa na Doto hakuna nukta hata moja, bahati ambayo wazazi wa pacha hawaijui. Maneno yaliyotenganishwa nayo hayasimami pamoja, basi chora mstari mmoja wa brashi chini yake, uyafunge yote, na uutumie mstari huo kushikilia vijiti.

Stensili, yaani karatasi iliyokatwa herufi ili rangi ipakwe kupitia matundu yake, ina tabu iliyo kinyume: humo kinachoanguka ni tumbo la herufi. Kila a, o, e, b, d na g ina kisiwa ndani yake kinachohitaji daraja la kukishikilia, na tumeshaona jinsi Kiswahili kilivyojaa a. Madaraja ya milimita 3 yanatosha kwenye karatasi ya manila, yote yakielekea upande mmoja ili yaonekane kuwa ya makusudi. Kwa maneno marefu mimi huacha stensili na kutumia njia inayoelezwa hapa chini.

Kuhamishia kwenye mbao na mitumbwi

Jina la mtumbwi linaweza kupangwa kwa fonti na kupakwa kwa mkono, na hapa ndipo fonti ya brashi inarudi kwenye asili yake. Panga jina kwenye kompyuta kwa ukubwa halisi, kisha lichapishe kwa mtindo wa bango, ambao programu kama Adobe Reader inao, ili ligawanywe kwenye karatasi kadhaa za A4. Ziunganishe kwa tepu. Piga msasa mahali pa kupaka, futa vumbi, na hakikisha rangi ya chini imekauka kabisa.

Zipo njia mbili za kuhamisha. Ya haraka ni kupaka chaki nyuma ya karatasi yote, kuibandika, na kufuatisha kingo za herufi kwa kalamu ya risasi ngumu. Inafaa kwa jina litakaloandikwa mara moja. Njia ya pili, waliyoitumia wachoraji wa vibao tangu zamani, ni kutoboa vitundu vidogo kwa sindano kufuata kingo za herufi, kulaza karatasi juu ya mbao, na kupigapiga juu yake kifurushi cha kitambaa chepesi chenye unga wa mkaa, au wa chaki ikiwa rangi ya chini ni nyeusi. Karatasi hiyo hutumika tena na tena, hivyo upande wa pili wa mtumbwi utafanana na wa kwanza.

Kabla ya kuhamisha, simama mbali utazame. Miandiko mingi huinamia kulia. Upande wa kulia wa chombo maneno yatainamia omo (mbele), na upande wa kushoto yatainamia tezi (nyuma). Hilo halina dawa, wala usijaribu kuyageuza. Kilicho mikononi mwako ni mstari wa chini wa maneno: ufuate mwungano wa mbao badala ya kuupindisha uende juu na ubao wa ukingo, la sivyo jina litakalopanda upande mmoja litaonekana kuporomoka upande wa pili. Namba ya usajili usiitie mapambo yoyote.

Tumia rangi ya mafuta inayong'aa, iliyolegezwa kidogo kwa tina, na brashi laini yenye nywele ndefu. Vuta kila mstari upande uleule ambao mchoraji wa fonti aliuvuta: mzito unaposhuka, mwepesi unapopanda. Usiige mkwaruzo wa brashi kavu unaoonekana kwenye karatasi, kwa sababu rangi iliyopakwa nyembamba hivyo hubanduka mapema kwa jua na maji. Jaza herufi yote, uiache hadi kesho yake, kisha upake mkono wa pili. Kama ulibandika tepu ya kuzuia rangi, ing'oe kabla mkono huo haujakauka. Tena, pima urefu wa mikia ya g, j na y mtumbwi ukiwa umepakia mzigo wake wa kawaida, si ukiwa mtupu umevutwa ufukweni, kwa kuwa mtumbwi wenye dagaa au mchanga huzama zaidi, na nusu ya jina uliloliandika chini mno itasafiri ndani ya maji hadi Ukerewe.